Breki za baiskeli kwa hewa ya Tanga: anza na waya, si raba

Tanga ni mji wa baiskeli, na breki zake zinakufa mapema kuliko inavyopasa. Anayeleta baiskeli hapa kijiweni kwetu Ngamiani husema, "Fundi, niwekee raba mpya." Ukizitazama, raba mara nyingi bado zina unene wa kutosha. Kilichokufa ni waya, tena umefia mahali asipopaona: ndani ya kava, yaani ganda refu linaloufunika waya, ambako unyevu wa chumvi ukishaingia hautoki kirahisi.

Andaa spana namba 10, spana ya L namba 5, plaizi kali ya kukatia waya, mswaki mkuukuu, msasa laini, grisi na kitambaa safi.

Hatua ya 1: Pima kabla hujafungua kitu

Bana mkono wa breki, kisha uachie taratibu. Ukirudi kwa kusitasita, au raba zikibaki zimeng'ang'ania rimu, kava limeshaota kutu ndani. Halafu kagua waya sehemu mbili: kwenye kichwa chake ndani ya mkono wa breki, na pale unapobanwa na nati kule chini. Waya wa breki ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Uzi mmoja ukikatika, mzigo wake unabebwa na zilizobaki, nazo zinafuata. Ukiona hata uzi mmoja umechomoza, usiupake oili ukaondoka. Badilisha leo. Waya uliochoka hukatika pale unapobanwa kwa nguvu zote, na hiyo ndiyo saa lori limesimama ghafla mbele yako.

Hatua ya 2: Badilisha waya pamoja na kava lake

Hapa ndipo wengi wanapobania pesa, na mimi sikubaliani nao. Ndani ya kava kuna chuma kilichozungushwa kama springi na kuvikwa plastiki. Kikishika kutu, kinaukwangua waya mpya tangu siku ya kwanza. Nenda dukani na waya wa zamani mkononi, maana vichwa vinatofautiana. Ukipata waya wa chuma kisichoshika kutu, ongeza hela uuchukue.

Kata kava kwa urefu ule ule wa zamani. Mdomo wake ukibonyea, uzibue kwa msumari mwembamba, kisha uvishe ncha zake vikofia ili maji yasipenye. Pitisha waya kwenye kitambaa chenye grisi kidogo ndipo uuingize. Oili chafu ya gari iache: inanasa mchanga.

Hatua ya 3: Raba

Raba iliyokauka hung'aa na kuwa ngumu. Isugue kwa msasa mpaka mng'ao uishe, na uchokoe mchanga na vipande vya chuma vilivyojichimbia. Anayepita kwenye vumbi la chokaa la Maweni na Pongwe afanye hivi mara kwa mara, kwani vumbi hilo likilowa linakula raba na rimu kwa pamoja. Mifereji ya raba ikifutika, weka mpya.

Unapoifunga, raba ikae milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye rimu, na ikibana iguse rimu tupu. Ikigusa tairi, italikata ubavuni.

Hatua ya 4: Rimu

Osha kwa maji baridi na sabuni, kausha. Rimu haipakwi mafuta ya aina yoyote, hata ikipiga kelele.

Ndugu zangu mnaobeba samaki kutoka Sahare, maji ya chumvi ya tenga yanadondokea breki ya nyuma moja kwa moja. Tandikeni plastiki nzito juu ya keria, na muioshe breki hiyo kila jioni. Baiskeli ndefu za breki za vyuma hazina waya, lakini viungo vyake vinaganda kwa kutu. Viwekeeni tone la oili, mbali na raba. Rimu zake za chuma zikilowa huteleza sana, kwa hiyo siku ya mvua anza kubana mapema.

Hatua ya 5: Kaza na ujaribu

Baiskeli ikiwa imesimama, bana kwa nguvu zako zote mara kadhaa. Waya mpya na kava vitajipanga, na breki italegea. Fungua nati, vuta waya, kaza tena. Mkono wa breki usifike kwenye usukani hata ukiubana kabisa. Jaribu kwanza kwa mwendo mdogo mahali tambarare, na baada ya wiki moja ya kuendesha uvute waya tena.