Ndege ya kujiundia na uzoefu wa rubani wake

Kabla ya kurusha ndege uliyojiundia, pima kwa uaminifu mazoezi yako ya karibuni, kwa kuwa miaka inayotumika karakanani humpunguzia rubani wepesi wa mikono ambao leseni pekee haiwezi kuurudisha. Lancair IV ya Marekani, kwa mfano, ina mabawa madogo yanayodai kasi kubwa wakati wa kutua, na huitikia usukani upesi kuliko Cessna 172 ambayo wengi walijifunzia. Jizoeze kwanza na mkufunzi katika ndege ya aina hiyohiyo. Tangu 2014, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, huruhusu pia kwa masharti rubani wa pili mwenye sifa kuwamo katika safari za majaribio, nafasi ambayo naona haifai kabisa kupuuzwa.