Namna ya kumfanya kocha wa klabu apokee simu yako (kwa walimu wa michezo na makocha wa mtaani Dar)

Hii nawaandikia walimu wa michezo wa sekondari na makocha wa mtaani hapa Dar, wale wenye dogo mmoja au wawili wanaojua mpira kweli ila hawajui wampeleke wapi. Mimi nafundisha shule upande wa Temeke na jioni nina timu ya mtaani, mwaka wa kumi na moja sasa, na kitu kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni kwamba kocha wa timu ya vijana kabla hajamwamini mchezaji wako anakuamini kwanza wewe. Akikuamini anakuja kuangalia. Asipokuamini hata uwe na dogo wa namna gani, meseji yako itakaa na tiki mbili za bluu mpaka msimu unaisha.

Nianze na kosa langu mana ndio lililonifundisha. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na winga wa kidato cha tatu, anakimbia na mpira mguuni mpaka unasimama. Nikamwambia mwalimu mmoja wa timu ya vijana dogo ana miaka 16. Sikudanganya kwa makusudi, nilisema nilichoambiwa na mjomba wake, sikuuliza cheti. Yule mwalimu akaja mara mbili kumwangalia, akampenda, akamchukua, ilipofika kwenye makaratasi ikaonekana umri ni miaka mitatu zaidi ya niliousema na jina la kwenye cheti sio lile analotumia shuleni. Dogo akarudishwa, akaacha mpira kabisa. Na mimi simu yangu haikupokelewa misimu miwili, na katika hio misimu miwili nilikuwa na madogo wengine watatu wazuri ambao hawakuwa na kosa lolote. Hao ndio wananiuma mpaka leo.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabla hujamtafuta kocha yeyote ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kishike mkononi wewe mwenyewe, usisikilize habari ya "kipo nyumbani". Kama kadi ya kliniki ipo iwepo, na majina ya cheti, ya usajili wa darasa la saba na ya shuleni sasa hivi yafanane herufi kwa herufi, kama hayafanani mwambie mzazi aanze kurekebisha leo mana hio kazi inachukua muda. Usifikiri umri ni kitu cha kupitishwa kiujanja. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, tuliondolewa kwenye mashindano ya Afrika ya U17 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, timu ilikuwa imeshafuzu, na tangu 2009 FIFA wanapima mfupa wa kifundo cha mkono kwa MRI kwenye Kombe la Dunia la U17. Kocha wa klabu anayajua hayo yote, ndio mana swali lake la kwanza siku zote ni kazaliwa lini.

Kitu cha pili, julikana kabla hujaomba. Wengi wetu tunaanza uhusiano kwa kuomba, mtu hakujui hajawahi kukuona unamtumia klipu usiku saa tano, sio sawa. Nenda walipo. Mechi za vijana U20 nenda kaangalie, uwanja wa Chamazi sio mbali kwa mtu wa Mbagala, UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, ikifika katikati ya mwaka usikae tu na timu yako, zunguka uwanja mzima mana pale utakutana na walimu wa mikoa yote na watu wa klabu wanaotafuta wachezaji. Ndondo za mtaani pia, makocha wengi wanakaa pembeni kimya na hakuna anayewajua. Ukimkuta msalimie kwa heshima, kama ni mtu mzima shikamoo mwalimu, kama mko rika moja habari za kazi inatosha, jitambulishe shule yako na eneo lako, muulize timu yake inachezaje na anapungukiwa namba gani, halafu muage. Siku hio usitaje mchezaji hata mmoja. Naomba hili mlizingatie sana mana yule mtu kila anapokwenda anashikwa mkono na watu wanaomtajia wachezaji, wewe ukiwa ndio pekee uliyemuuliza kuhusu kazi yake atakukumbuka.

Ukishajulikana ndio meseji. Iwe fupi na iwe na vitu vya kweli. Mimi naandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Ni mwalimu wa michezo tuliyeonana Chamazi siku ya mechi ya U20. Nina beki wa kushoto, kidato cha tatu, kazaliwa Machi 2009, cheti cha RITA ninacho. Mguu wa kushoto ndio wake, ana kasi, krosi nzuri. Mipira ya juu bado na akichoka anasahau kurudi. Jumamosi saa 10 jioni tunacheza Mwembe Yanga, ukipata nafasi karibu, usipopata nitakutumia mechi nzima."

Angalia hapo nimeandika udhaifu wake. Watu wanaogopa wanaona kama unamharibia dogo, mimi nakwambia ndio sentensi inayomfanya kocha aje. Kocha akisoma "huyu ni Messi wa Mbagala mwalimu usimkose" anajua huyo mtu hajui mpira au anauza mtu. Akisoma kwamba mipira ya juu bado, anajua unamwangalia mchezaji wako kwa macho ya mwalimu, na akija akakuta kweli mipira ya juu bado basi na ile kasi uliyosema anaiamini hata kama siku hio dogo hakupata nafasi ya kukimbia.

Video iwe ya mechi nzima. Klipu za dakika tatu zenye muziki hazimsaidii kocha anayetafuta beki, anataka aone dogo akipoteza mpira anafanya nini, akikemewa na mwenzake anafanya nini. Panda juu, ghorofa ya darasa au ukuta, simu iwe imelala, usimfuate mchezaji mmoja tu bali uwanja uonekane, na kwenye meseji taja namba ya jezi na rangi. Weka YouTube umtumie linki tu, usimmalizie mtu bando kwa mafaili mazito.

Halafu usimpeleke kila dogo. Kwa mwaka mimi natoa majina mawili, ikizidi sana matatu. Kuna mwaka sikutoa hata moja na wazazi walinijia juu kweli, mmoja akasema namwonea mwanae wivu. Nilimkalisha nikamwonesha, mama huyu mtoto anajua mpira ila akigongwa mara moja anatoka mchezoni, tumpe mwaka mwingine. Ni mazungumzo magumu lakini ni bora yafanyike sebuleni kwao kuliko dogo aende majaribio arudi na aibu na wewe jina lako lishuke. Na usimtume jina lile lile kwa makocha watano kimya kimya, wanajuana hao, wanapigiana simu. Kama umewaambia wawili basi kila mmoja ajue.

Siku kocha anakuja hakikisha mpinzani ni timu ngumu. Kumfunga mtu 8 hakumwoneshi chochote. Dogo acheze namba yake ile uliyoisema, usimhamishe kumpandisha mbele ili afunge. Wachezaji usiwaambie kuna mtu anakuja, ukiwaambia kila mmoja anaanza kupiga chenga zisizo na maana na mechi inaharibika. Mtafutie mgeni kiti na maji, halafu kaa mbali naye, usimsimulie kila mguso. Akitaka kujua atakuita. Na akikuita mara nyingi hataulizia mpira, ataulizia anawahi mazoezini? darasani vipi? anaishi na nani? akifungiwa benchi ananuna? Jibu ukweli. Kama dogo ni mtoro sema ni mtoro na sema umejaribu nini kumsaidia.

Mfano mzuri tunao hapa hapa. Mbwana Samatta ametoka Mbagala, akapita African Lyon, akaenda Simba, na TP Mazembe walimwona wakati Simba inacheza nao Ligi ya Mabingwa Afrika 2011, wakamchukua mwaka huo huo, Januari 2016 akaenda Genk na Januari 2020 Aston Villa akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mazembe walimwona akiwapa shida wao wenyewe kwenye mechi yenye uzito. Ndio mana nasisitiza mpinzani mgumu.

Sasa majaribio. Kocha akisema mlete, furahi lakini uliza kabla hujamruhusu: siku ngapi, analala wapi, chakula na nauli nani anatoa, akiumia nani anamtibu, na majibu lini. Uliza kwa upole ila uliza yote. Niliwahi kuwapeleka madogo wawili klabu moja nikaona aibu kuuliza, walikaa wiki tatu wanalala kwa ndugu huko mbali, hakuna aliyewaambia ndio wala hapana, wakarudi wamekosa mitihani ya muhula. Siku hizi kocha asiyeweza kunijibu hayo maswali simpi mtoto wa mtu. Na wa kidato cha nne wanaoingia mtihani wa NECTA Novemba, kuanzia Septemba mimi sitoi mtu, kocha mwenye nia atasubiri Desemba.

Pesa. Usichukue hela ya mzazi ili umtafutie mtoto timu na usichukue cha juu kwa klabu, hata kidogo, hata ya soda ukiambiwa ni shukrani kabla dogo hajasaini. Ukichukua mara moja kila jina utakalotoa baadaye litaonekana ni biashara. Ila kuna hela halali ambayo makocha wengi wa mtaani hawaijui na inawapita. FIFA wana utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine na mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ile bei inagawiwa kwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka ule wa 23. Kila mwaka wa 12 mpaka 15 ni asilimia 0.25 na kila mwaka wa 16 mpaka 23 ni asilimia 0.5. Kwa mauzo ya dola milioni 1, klabu iliyokuwa naye mwaka mmoja akiwa na 16 inapata dola 5,000, na kwa uwanja wetu wa vumbi hizo ni mipira na jezi za miaka. Lakini inakwenda kwa klabu iliyomsajili rasmi. Kumfundisha shuleni bila usajili wowote hakuonekani popote, kwahiyo timu yako ya mtaani isajiliwe kwenye chama cha wilaya, TEFA kwa Temeke, KIFA kwa Kinondoni au kule ulipo, na madogo wawe na usajili wa TFF wenye tarehe.

Mkataba ukija, soma pamoja na mzazi. Chini ya miaka 18 mkataba wa kulipwa hauzidi miaka mitatu kwa kanuni za FIFA, ukiona mitano simama. Na anayesema atampeleka dogo wa miaka 16 klabu ya nje ya nchi, jua kanuni zinakataza uhamisho wa nje chini ya 18 isipokuwa kwa sababu chache sana, kwahiyo muulize maswali magumu na leseni yake ya uwakala ya FIFA uione.

Niseme kidogo na vyuo vya Marekani mana naulizwa sana. Kule kocha wa sekondari ana heshima kubwa, hasa kwenye ile football yao ya kuvaa helmeti, makocha wa vyuo wanatembelea shule na mtu wa kwanza wanayekaa naye ni mwalimu wa pale. Hata kwenye soka neno la kocha wako lina uzito. Ila wana kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, kuna kipindi hawaruhusiwi kukutana na mchezaji kabisa, na kwenye soka la daraja la kwanza kocha hawezi kumjibu mchezaji kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili kati ya minne ya sekondari yao, kwahiyo wakikaa kimya msikate tamaa. Waandikie kwa barua pepe, weka matokeo ya shule juu kabisa kabla ya magoli, linki ya mechi nzima, na barua fupi yako wewe kocha ukisema yale yale, uzuri na udhaifu. Dogo mwenye ndoto hio asikimbilie kusaini mkataba wa kulipwa hapa, anaweza kujifungia mlango. Na vyuo vya daraja la tatu havitoi udhamini wa michezo, kule ni wa masomo na wa uwezo wa familia, msije mkashangaa.

Yule mwalimu niliyemwangusha alirudi kupokea simu yangu kwa namna ambayo sikuitegemea. Alisikia kuna kiungo wangu anasifiwa mtaani, akapiga yeye, nikamwambia mwalimu usimchukue mwaka huu, goti halijapona anacheza na maumivu na ananificha. Akanyamaza kidogo akasema sawa. Mwaka uliofuata goti lilipopona alikuja mwenyewe bila kuitwa. Wiki iliyopita kapiga tena anaulizia kipa, nikamwambia mimi sina ila shule ya jirani yupo mmoja mzuri wa kidato cha pili, nikampa namba ya mwalimu wake.