Kabla ya kukimbilia hisa inayopaa, tazama OBV

Hii imenizuia juzi kununua hisa kwa pupa. Bei ikivuka kilele chake cha awali, usinunue papo hapo. Weka kiashiria cha OBV (On-Balance Volume, mstari unaojumlisha au kutoa idadi ya hisa zinazouzwa kila siku) chini ya chati, kisha angalia kama nacho kimevuka kiwango kilichokuwa nacho siku ya kilele kile. Kama kimebaki chini, subiri: bei inapanda, lakini wanunuzi hawaongezeki.

Hesabu yake, iliyotambulishwa na mchambuzi wa soko la hisa Joseph Granville mwaka 1963, ni nyepesi. Bei ikifunga juu ya jana, hisa zote zilizouzwa siku hiyo zinajumlishwa. Ikifunga chini, zinatolewa. Hisa ikipanda leo kwa mauzo ya 40,000 na kesho ikashuka kwa mauzo ya 90,000, OBV imepungua 50,000 hata kama bei imerudi palepale. Namba yenyewe usiijali, maana inategemea chati imeanzia wapi. Fuata mwelekeo tu.

Inapokwama: kufunga juu kwa senti moja kunahesabiwa sawa na kupanda kwa asilimia kumi. Kwa hisa zinazouzwa kwa nadra, mkupuo mmoja wa mnunuzi mkubwa unapotosha mstari kwa wiki kadhaa. Huko mimi siitumii kabisa. Siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) pia bei hushuka yenyewe, na OBV inadhani watu wamekimbia. Halafu tofauti kati ya bei na OBV inaweza kudumu miezi, kwa hiyo isiwe sababu ya kuuza ulichonacho.