Ukisimama mbele ya Jaji: zungumza bila kujiharibia shauri

Wateja wangu wengi hutoka Newala na Tandahimba kuja Mahakama Kuu hapa Mtwara, na mara nyingi ugomvi ni wa shamba la mikorosho. Wanachoogopa zaidi ni kufungua mdomo. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo maneno unayo. Kilichobaki ni adabu ya kuyatoa.

Hatua ya 1. Kama wito unasema saa 3 asubuhi, saa 2 uwe umeshafika na karani anajua upo. Anayetoka mbali alale mjini. Basi likiharibika njiani, shauri litaitwa hivyo hivyo.

Hatua ya 2. Zima simu. Kuiweka kwenye mtetemo hakutoshi. Kofia ya jua vua.

Hatua ya 3. Jaji akiingia, simama, inamisha kichwa kidogo, usikae mpaka yeye akae. Hapa wazee wetu hupata shida, kwa sababu wamezoea kusalimia. Mzee mmoja niliyemsimamia alimwita Jaji "mwanangu" na kumuuliza habari za nyumbani. Jaji alitabasamu, lakini si kila siku utakutana na tabasamu. Salamu yako ni kile kichwa ulichoinamisha.

Hatua ya 4. Mwite "Mheshimiwa Jaji", au "Mheshimiwa" tu. Ukiwa Mahakama ya Mwanzo au ya Wilaya, ni "Mheshimiwa Hakimu". Usimwambie "wewe", wala usimwite "bosi".

Hatua ya 5. Ukishakula kiapo, tazama kalamu ya Jaji. Hii ndiyo ninayoirudia mpaka wateja wanachoka. Pale Jaji mwenyewe anapoandika ushahidi wako kwa mkono, kisichoandikwa ni kama hukukisema. Sema sentensi moja, ngoja kalamu itulie, endelea. Shahidi wangu mmoja alieleza mpaka wa shamba hivi: "Unaanzia ule mkorosho mkubwa, unakuja hivi, mpaka hapa," huku mkono unakata hewa. Kalamu ikasimama. Mkono hauandikiki. Alipoulizwa tena akasema, "Kutoka mkorosho mkubwa hadi kisimani, kama hatua arobaini, upande wa mashariki." Hapo kalamu ikatembea.

Hatua ya 6. Wakili wa upande wa pili atakuuliza maswali ya dodoso, mengine ya kukuchokoza. Swali linatoka kwake, jibu mpelekee Jaji: geuza uso, jibu kilichoulizwa, nyamaza. Usimgeukie mdaiwa na kumwambia "muongo huyu", hata kama ni shemeji yako na unajua anadanganya. Hukusikia? "Mheshimiwa, naomba swali lirudiwe." Hujui? "Sijui, Mheshimiwa." Kubahatisha kumewaangusha wengi kuliko kutojua. Na wakili yeyote akisimama kuweka pingamizi, kata maneno hapo hapo hadi Jaji aamue.

Hatua ya 7. Shauri likiahirishwa, andika tarehe kabla hujatoka. Ukitoka Jaji akiwa bado amekaa, inamisha kichwa tena mlangoni.

Jambo la mwisho: usimfuate Jaji ofisini wala kwenye gari lake "kumsalimia". Msimu wa korosho nimewahi kumzuia mteja koridoni na mfuko wa kilo mbili za korosho zilizobanguliwa. Kwake ulikuwa ukarimu wa kawaida tu. Nilimwambia aurudishe nyumbani, tukaule shauri likiisha.