Kutyuni kitanzi cha mkondo cha inveta ya V2G bila kubahatisha gaini

Wakuu, leo tushughulike na kitu kimoja tu, kitanzi cha mkondo (sehemu ya programu inayopima mkondo na kuurekebisha ufuate amri) cha inveta ya feizi tatu inayokaa kati ya gridi na betri ya gari la umeme, ile ya pande mbili inayochaji na pia kurudisha umeme kwenye gridi, ndiyo V2G. Naona kodi nyingi mtindo ni ule ule, mtu anaweka Kp (gaini inayozidisha kosa, yaani tofauti ya amri na mkondo halisi) ya kubuni, anarusha simulesheni, ikitetemeka anapunguza, ikilala anaongeza, mwisho inakaa vizuri kwenye kompyuta alafu ikifika kwenye benchi inaanza kulia. Gaini hazibuniwi jamani. Zinatoka kwenye ucheleweshaji wa mfumo wako, na zinaishia pale nafasi ya voltiji inapoishia, na vyote viwili unavikokotoa kwa kalkuleta kabla hujawasha chochote.

Mfano tutakaotumia: gridi ya 400 V, 50 Hz, basi ya DC (upande wa DC wa inveta) ya 750 V, nguvu 10 kW, transista zinakata (zinawaka na kuzima) 20 kHz. Filta ni LCL (indakta, kapasita, indakta), 2 mH upande wa inveta, 1 mH upande wa gridi, kapasita 5 µF kila feizi, upinzani wote tuseme 0.1 Ω.

Hatua ya 1: andika namba za msingi

Kilele cha voltiji ya feizi ni 325 V (230 mara mzizi wa 2). Kilele cha mkondo kwenye mzigo kamili ni kama 20.5 A. Inveta ikitumia space vector (mbinu ya kupanga ukataji wa transista), voltiji kubwa inayoweza kutoa ni 750 gawanya kwa mzizi wa 3, yaani 433 V. Toa 325, unabaki na 108 V. Hiyo 108 iandike kwa kalamu nyekundu kabisa maana ndiyo nguvu pekee uliyonayo ya kusukuma mkondo uongezeke, tutairudia kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 2: hesabu ucheleweshaji

Sampuli ya mkondo ichukuliwe kwenye kilele cha wimbi la pembetatu la PWM (linalopanga transista ziwake kwa muda gani), sio popote tu. Pale ripo ya mkondo (mawimbi madogo yanayoletwa na ukataji) inapita kwenye wastani wake, na pia uko mbali na ule mshtuko wa transista kukata, kwa hiyo namba unayopata ni safi bila hata filta. Sasa prosesa inakokotoa, jibu linaingia kazini kipindi kinachofuata, hapo umepoteza kipindi kizima, alafu PWM yenyewe inashikilia hilo jibu, hesabu nusu kipindi tena. Jumla kipindi kimoja na nusu, kwa 20 kHz ni 75 µs. Ukiweka filta ya dijitali kwenye mkondo ili "kusafisha kelele", ucheleweshaji wake nao unajumlishwa hapa, na mimi naona mara nyingi hiyo filta ndiyo inayoua mfumo, wala sio Kp.

Hatua ya 3: gaini zenyewe

Chagua kasi ya kitanzi iwe moja ya ishirini ya masafa ya kukata, hapa 1 kHz, sawa na 6283 rad/s. Kp ni kasi hiyo mara indakta yote (3 mH), unapata 18.85. Kwa Ki (gaini ya intigreta, inayojumlisha kosa kadri muda unavyokwenda), vitabu vingi vinakwambia ufute pole ya L/R (uvivu wa asili wa indakta na upinzani), ukifanya hivyo Ki inatoka 628 tu, mfumo unafuata amri vizuri lakini voltiji ya gridi ikiyumba mkondo unachukua muda mrefu kurudi, maana L/R hapa ni 30 ms. Mimi siipendi hiyo. Weka sifuri ya PI (kidhibiti chenye Kp na Ki, sifuri yake ni Ki gawanya kwa Kp) kwenye moja ya kumi ya kasi ya kitanzi, Ki inakuwa kama 11,800.

Hakiki akiba ya feizi (nafasi iliyobaki kabla kitanzi hakijaanza kutetemeka): anza na digrii 90, toa 27 za ucheleweshaji (6283 mara 75 µs, geuza kuwa digrii), toa 6 za PI, unabaki na 57. Safi. Ukitamani 2 kHz ucheleweshaji peke yake unakula 54, unabaki na 30 hivi, mfumo utakuwa unaruka ruka kila amri inapobadilika.

Hatua ya 4: dq na ishara

Transfomu ya Park, inayogeuza feizi tatu kuwa namba mbili tulivu d na q, ipo tangu 1929 na bado ndiyo inayoangusha watu wengi, na tatizo karibu kila mara ni ishara. Zima transista zote, soma voltiji ya gridi tu, angalia vd na vq. Vd iwe 325 imetulia na vq iwe sifuri. Ukiona 325 imehamia vq, kodi yako imechanganya sini na kosini, pembe imekaa digrii 90 pembeni. Ukitumia pembe ya 50 Hz uliyoitengeneza mwenyewe ukaona vd na vq zinacheza kwa 100 Hz, nyaya mbili za feizi zimebadilishana, nenda kazigeuze, usianze kurekebisha kwenye programu.

Kisha ongeza sehemu za kutenganisha d na q. ωL ni 0.94 Ω, kwa 20 A ni kama 19 V, sio kubwa lakini ishara ikikosewa unaongeza badala ya kufuta, na ukibadilisha id (mkondo wa d) utaona iq (mkondo wa q) nayo inaruka.

PLL (sehemu inayofuatilia pembe ya gridi) ifanye pole pole. 20 Hz inatosha, ukigawanya voltiji kwa 325 kwanza ni Kp 178 na Ki 15,800. Watu wanapenda PLL kali ili ishike haraka, alafu wanashangaa harmoniki za gridi (masafa ya ziada yanayochafua wimbi) zinaingia kwenye pembe na kutoka kwenye mkondo.

Hatua ya 5: LCL

Resonansi ya filta hii (masafa ambayo inapenda kutetemeka yenyewe) iko kama 2.76 kHz. Sheria ya kawaida ni iwe juu ya mara 10 ya masafa ya gridi na chini ya nusu ya masafa ya kukata, iko salama. Ila kuna mpaka mwingine watu wanausahau, moja ya sita ya masafa ya sampuli, hapa 3.33 kHz. Kama sensa ya mkondo iko upande wa inveta, resonansi ikae chini ya huo mpaka, kama iko upande wa gridi ikae juu yake, vinginevyo lazima uweke damping (kitu cha kutuliza mtetemo). Sisi sensa iko upande wa inveta kwa hiyo tuko sawa, lakini resista ya 3.9 Ω kwa mfululizo na kila kapasita ni bima rahisi, inapoteza joto kidogo basi.

Hatua ya 6: jaribu kwa hatua ya mkondo

Hapa ndipo watu wanapotezwa. Unatoa amri id itoke 0 mpaka 20 A kwa mpigo (chanya ni kurudisha kwenye gridi), mkondo unapita juu, unarudi, unatulia kwa uvivu, basi mtu anakimbilia kupunguza Kp. Hebu piga hesabu. Kosa la 20 A mara 18.85 ni 377 V. Una 108. Inveta imegota, mkondo unapanda kwa kasi ambayo 108 V inaruhusu, 36 A kwa milisekunde, gaini hazina kauli yoyote hapo mpaka kosa lishuke chini ya 5.7 A. Hiyo ni kama 0.4 ms, na muda wote huo intigreta inajaza, inafika volti 60 ambazo hazikutakiwa. Ndizo zinazoutupa mkondo juu.

Kuthibitisha, toa amri ya kwenda upande wa pili, 0 mpaka -20 A, upande wa kuchaji. Huko inveta inatakiwa kushusha voltiji, nafasi ipo tele, utaona jibu la haraka na safi. Gaini ni zile zile! Kwa hiyo kama kupanda kunaonekana vibaya na kushuka kunaonekana vizuri, usiguse Kp, weka anti-windup: urefu wa vekta ukizidi 433, ukate, na intigreta isimame mpaka utoke kwenye kikomo. Gaini zipime kwa hatua ya 5 A, inaomba 94 V tu, inabaki ndani.

Hatua ya 7: kitanzi cha basi ya DC

Hiki kinashika voltiji ya basi na kukipa kitanzi cha mkondo amri yake. Kikiwa cha nje kiwe polepole mara kumi au zaidi. Kwa kapasita ya 1 mF, kasi ya 50 Hz, Kp inatoka 0.48 A kwa kila volti, Ki weka 30. Amri yake ya mkondo iwekewe kikomo nayo, isije ikaomba 60 A voltiji ya basi ikishuka ghafla.

Hatua ya 8: gridi dhaifu

Usitoke kwenye simulesheni kabla ya hii. Ongeza 17 mH upande wa gridi, hiyo inakupa nguvu ya mzunguko mfupi mara 3 ya inveta yako, na mara 3 kushuka chini ndiyo watu wanaita gridi dhaifu. Kitanzi chako cha 1 kHz kitapungua sana kasi maana indakta imekuwa 20 mH, na kama ulikuwa unajumlisha voltiji ya gridi moja kwa moja kwenye amri ya voltiji ya inveta, sasa voltiji hiyo inasogezwa na mkondo wako mwenyewe, umejitengenezea mzunguko unaojilisha. Pandisha nguvu taratibu, 2 kW, 5, 8. Ikianza kuyumba kwa masafa ya chini, makumi ya hezi, shusha PLL mpaka 10 Hz au hata 5 kabla ya kugusa kingine. Ikilia kwa mamia ya hezi kwenda juu, ichuje ile voltiji unayojumlisha, na ikikataa iondoe kabisa uache Ki ifanye kazi, ndiyo maana tuliiweka kubwa.