Kadi mbili za grafiki kwenye Linux moja, zote zikipiga kazi

Jamani niseme mapema, ukichomeka kadi mbili haziungani zikawa kadi moja kubwa, kila moja inabaki na kazi yake na raha yenyewe ndo ipo hapo. Mimi niko Chikongola hapa Mtwara, nahariri video za harusi, na hela za korosho zikishaingia mfukoni kwa watu harusi zinakuja mfululizo, kwa hiyo kadi ndogo ya AMD inaendesha monita zote mbili halafu ile kubwa ya NVIDIA inarenda tu (yaani inapika video ya mwisho), saivi video ikiwa inapikwa naendelea kukata nyingine na mashine haigandi.

Anza na umeme. Jumlisha wati za kadi zote, prosesa na vingine vilivyomo, pawasaplai izidi hapo, tena usizibananishe maana joto la huku unalijua, na feni zinavuta unyevu wa bahari mpaka vumbi linashikana kama tope, mi nafungua kila mwezi nasafisha na brashi laini.

Ukishafunga, teminali andika:

lspci | grep -Ei 'vga|3d|display'

Lazima utoke na mistari miwili. Ukiona mmoja na kadi yako nyingine ni ile ya ndani ya prosesa, ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi, unaifungua mashine inapowaka) uiwashe, mazabodi nyingi zinaizima zenyewe ukichomeka ya nje.

Draiva za AMD na Intel hazina maneno, zinakuja na keneli (kiini cha Linux) na Mesa (maktaba ya kuchora picha). NVIDIA ndo wengi wanakwama, hasa wenye NVIDIA mbili za umri tofauti, kwa sababu mashine inapakia toleo moja tu la draiva na lazima lizikubali zote: GT 710 mwisho wake ni draiva toleo la 470, GTX 1650 nayo inaikubali 470, hizo zitakaa pamoja, ila ukiweka GT 710 na RTX 4060 usijisumbue.

Monita chomeka kwenye kadi inayoendesha desktop, halafu programu nzito itume kwa nyingine. Jaribu hivi kwanza:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo | grep 'OpenGL renderer'

Hiyo glxinfo ni kiprogramu kinachokuambia kadi gani inachora; likitoka jina la NVIDIA, weka jina la programu yako badala ya glxinfo. Kama kadi ya pili ni AMD, DRI_PRIME=1 mbele ya programu inatosha. Blender (programu ya 3D) ikirenda kwa injini yake ya Cycles haihitaji hayo, unachagua kadi kwenye Preferences, System.

Wakati inarenda fungua watch -n 1 nvidia-smi pembeni. Asilimia ikibaki sifuri rudi kwenye mpangilio wa programu, bado inatumia prosesa au kadi nyingine.