Kabla hujahamia upande wa ziwani Bukoba, angalia haya kwanza

Siku hizi kila mtu anataka nyumba ya ziwani Bukoba. Mtu kaja likizo, kakaa jioni moja ufukweni kule karibu na Lake Hotel, kala sato wake na ndizi, upepo unampuliza, kesho yake asubuhi anampigia dalali. Simkatazi mtu. Upande ule ni mzuri kweli, na ndo mji wenyewe ulipoanzia, Emin Pasha, aliyetumwa na Wajerumani, aliweka kituo Bukoba 1890 nao wakajenga huko chini kwenye maji, ukiuliza Duka Kubwa, lile jengo lao la zamani, wenyeji watakuonyesha lilipo. Halafu sokoni mjini ni bodaboda dakika chache tu. Sawa. Ila kabla hujamhesabia mtu kodi ya miezi sita, tulia kwanza usome.

Nenda kuangalia nyumba wakati wa mvua. Sio Julai. Julai kila nyumba Bukoba ni nzuri. Mji huu unapata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua yenyewe ina tabia zake: mawingu yanajijenga usiku juu ya ziwa, alfajiri yanasukumwa kuja huku magharibi, yaani kwetu. Kwahiyo saa kumi na moja, kumi na mbili asubuhi umelala zako ndo radi zinaanza, na maji yanakuja kwa ubavu yanapiga ule ukuta unaotazama ziwa. Ukuta huo uushike kichwani, nitaurudia.

Luku, uliza kama ni ya kwako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine. Maji, fungua bomba uone mwenyewe, usiambiwe. Radi zikianza chomoa TV na friji, usibishane na radi ya Kagera.

Ziwa lenyewe linapanda, watu wanasahau. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka likapita kiwango cha 1964 ambacho wazee walikuwa wanakitaja kila siku, na waliokuwa na baa na vibanda ufukweni wanajua walichokiona. Kwahiyo uliza swali moja tu, maji ya 2020 yalifika wapi? Usimuulize mwenye nyumba, muulize anayeuza samaki au fundi baiskeli pale barabarani. Na angalia chini ya kuta za nje, mara nyingi alama bado ipo, mstari wa rangi ya udongo ambao hata ukipakwa rangi unarudi.

Mto Kanoni nao usiudharau. Ukiuona kiangazi unaweza kucheka, mto gani huu, lakini unapita katikati ya mji ndo unaingia ziwani, na mvua kubwa ikinyesha huko milimani maji yote yanashukia huko chini. Ukikuta nyumba iko kati ya Kanoni na ziwa, wewe umezungukwa. Vitu vya thamani usiweke sakafuni, basi.

Choo. Huku chini maji ya ardhini yako karibu sana, ukichimba kidogo tu unakutana nayo. Matokeo yake shimo la choo linajaa masika hata kama nyumbani mko wawili, na gari la kunyonya linataka hela kila mara. Muulize mpangaji aliyetoka alikuwa ananyonya mara ngapi, na hilo gari linafika mlangoni au linaishia njiani kwenye tope. Kama kuna kisima uani na shimo la choo liko hapo hapo, hayo maji usinywe hata kama yanang'aa.

Sasa hili ndo limenifanya niandike.

Nyumba nyingi za zamani Kagera zilikuwepo siku ya tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, kama saa tisa na nusu alasiri, ukubwa wa 5.9. Watu 17 walikufa, nyumba zikaanguka, Ihungo na Nyakato sekondari zikaharibika vibaya mpaka zikafungwa. Hiyo kila mtu anaikumbuka. Kinachosahaulika ni nyumba ambazo hazikuanguka. Zilipasuka, zikapigwa lipu, zikapakwa rangi, zikapangishwa.

Shemeji yangu ni mwalimu, alipata nyumba ya ziwani ya kizamani ile yenyewe, dari juu, madirisha makubwa ya mbao, varanda, na bei ya kawaida kabisa ukilinganisha na uzuri wake. Ndani rangi mpya inanukia. Mwenye nyumba akamwachia na kabati kubwa la mninga chumbani, akasema hilo tumia tu mwanangu, ni zito kulihamisha. Shemeji akafurahi, na nani asingefurahi? Akalipa miezi sita, akasaini karatasi moja yenye sentensi kama nne hivi, mojawapo inasema mpangaji ameipokea nyumba ikiwa katika hali nzuri.

Aprili ikaja. Asubuhi moja baada ya zile mvua za alfajiri dada akakuta maji yametambaa kutoka chini ya kabati. Wakadhani bati linavuja. Wakaita vijana wawili, wakalisogeza. Nyuma yake kuna ufa umeanzia kona ya chini ya dirisha unashuka kwa mshazari mpaka karibu na sakafu, na lipu yote ya hapo imevimba. Shemeji akaigusa kwa vidole, kikabanduka kipande kikubwa kama sinia kikaanguka miguuni. Ndani ni tofali za kuchoma zilizojengewa udongo mtupu, simenti hakuna, na udongo wenyewe umelowa unachuruzika. Sehemu moja mwanga wa nje unaonekana. Fundi alipokuja na timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka, ukuta umetoka nje upana wa vidole vinne, na hakuna linta, ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya kuta, yaani kenchi za paa zimekalia tofali tu.

Hapo ndo mzee wa jirani akaja, akaamkiwa shikamoo, akasimama mlangoni anaangalia. Akasema, "Mwanangu, huo ukuta ulipasuka siku ya tetemeko. Sisi tulijua unajua." Mtaa mzima ulikuwa unajua! Mwenye nyumba alipopigiwa akajibu nyumba imesimama tangu mkoloni, itaanguka leo kwa sababu yako? Kuhusu hela akasema soma mkataba. Wakahama na watoto kwenda kwa mama mkwe, kodi ya miezi iliyobaki haikurudi. Na Julai nilipita pale, ukuta umepigwa lipu, rangi ile ile, dirishani kuna karatasi, nyumba inapangishwa. Sina shaka kabati nalo lilirudi mahali pake.

Sasa fanya hivi. Sogeza kila kabati na ushushe kila kalenda, wakikukatalia ondoka. Angalia kona za milango na madirisha, ufa wa tetemeko unapenda kuanzia hapo na kwenda kwa mshazari, sio zile nyufa nyembamba kama utando za lipu iliyokauka haraka. Gonga ukuta kwa funguo, palipo na lipu iliyoachana na tofali sauti inakuwa tupu. Kama chumba kizima kina rangi ya zamani na ukuta mmoja tu ni mpya, uliza kwa nini, hasa ukiwa ni ule unaotazama ziwa, maana ufa peke yake unaweza kukaa miaka, kinachoumaliza ni maji yanayopigwa na upepo kuingia ndani kila masika mpaka udongo wa kati ya tofali unaisha. Mlete fundi wako, sio wa dalali, na timazi yake. Mlipe hela ya soda na nauli, ni ndogo kuliko kodi. Muulize kuhusu linta, muulize tofali zimejengewa nini. Halafu piga picha kuta zote, mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp kabla ya kulipa, na kwenye mkataba ile sentensi ya "hali nzuri" iandikwe upya itaje kila ufa mlioukuta. Akigoma kuandika, umeshapata jibu lako.

Wanaotaka kununua, nyie mambo yenu ni mengine. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na hiyo mita 60 unapima mwenyewe kwa futi kamba siku ya kwanza, sio baada ya kulipa. Hati unaenda nayo ofisi ya ardhi manispaa wakuhakikishie, na serikali ya mtaa upite pia, maana nyumba za zamani za familia zina wajukuu Dar, Mwanza na Kampala ambao hawajaulizwa, na watatokea siku ukishaweka bati jipya. Ukitaka kubomoa au kuongeza chumba, kibali cha ujenzi kwanza.

Watoto wasicheze kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kichocho kipo, konokono wake wanakaa humo humo. Ukiona damu kwenye choo chao au mkojo nenda hospitali, dawa ipo, usianze mitishamba. Kuogelea ovyo pia hapana, waulize wavuvi wa Nyamukazi kwanza wapi pana mamba. Bati na vitasa vinaota kutu haraka kwa unyevu, nguo za kabatini zinaota ukungu, fungua madirisha mchana. Jioni kuna vijidudu vya ziwani vinakuja kwenye taa kama wingu, weka nyavu. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, Novemba hivi, jirani anaweza kuwasha mataa na kusimamisha mabati ya kuwanasa usiku kucha, uliza mapema chumba cha kulala kinatazama wapi, ila ukiwa mpole naye utaletewa bakuli.

Wikiendi muziki wa ufukweni unafika mpaka kitandani kwa hiyo nenda uangalie nyumba Jumamosi usiku pia, sio mchana tu. Dalali akikuambia kuna mtu mwingine anakuja kulipa leo jioni, mwache alipe. Usilipe kwa simu nyumba hujaiona, usimpe dalali hela ya mwenye nyumba, risiti dai hata kama ni mjomba wako, na ukishapewa funguo badilisha kitasa siku hiyo hiyo kwa sababu hujui wangapi wanazo.